Mawese: msiuchome wekundu wake

Mabibi na mabwana, habari za mchana. Mezani hapa ziko chupa mbili, na mafuta yote yametoka kwenye dumu moja la mawese. Ya kwanza mekundu kama pilipili iliyoiva. Ya pili yamebaki manjano ya kufifia, kwa sababu yalichomwa kwenye kikaango mpaka yakafuka moshi. Wapishi wengi huyachoma hivyo makusudi, ati yasinuke wala yasipake rangi chakula. Huko, jamani, ni kumwaga chakula.

Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na ya kinga. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na miligramu 500 hadi 700 hivi. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kumtosheleza mtoto wa miaka mitano kwa siku nzima. Karotini hiyo imekwisha kuyeyuka ndani ya mafuta, hivyo mwili huifyonza kwa urahisi kuliko ile ya mboga. Adui yake ni moto mkali: yakifika nyuzi 200 na kuendelea, inavunjika kwa kasi.

Basi yatieni mwishoni. Kisamvu kikishaiva vizuri na maji yamepungua, weka vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu watano, punguza moto, funika dakika tano. Maharage na samaki aina ya migebuka ni vivyo hivyo. Mkisikia mafuta yanalia na kuruka kikaangoni, yana maji. Muuzaji hakuyakausha sawasawa.

Msinielewe vibaya, si dawa ya kunywa kwa kikombe. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayodhuru moyo yakizidi, wakati ya alizeti ni kama asilimia 11 tu. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina gramu 7 hivi za mafuta hayo yaliyoshiba, na Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Vijiko vitatu, umemaliza. Ya kukaangia samaki wa nyumba nzima, tafuteni mafuta mengine.

Sasa ule ukali unaokereketa kooni. Wengi humlaumu mpishi, kumbe kosa limeanzia shambani. Chikichi, tunda linalotoa mawese, ikichubuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuacha asidi. Kinachokizima ni joto, kwa hiyo tunda lichemshwe au lipikwe kwa mvuke ndani ya saa 24 baada ya mkungu kukatwa. Likikaa siku nne kwenye kiroba, asidi imeshaingia, na kuyachemsha tena mafuta hakuiondoi.

Na yakigawanyika, chini mgando, juu maji maji, msikimbilie kusema yamechakachuliwa. Mawese ndivyo yalivyo, hasa kwenye baridi. Weka chombo kwenye maji ya moto, koroga, ndipo upime, la sivyo wa kwanza atapata ya juu na wa mwisho mgando mtupu. Hifadhini kwenye chombo kisichopitisha mwanga, kijae hadi shingoni, kifuniko kibane.

Nimeulizwa kuhusu mafuta ya mise, yale ya kiini cha kokwa ya chikichi. Hayo ni mengine kabisa: hayana wekundu, na zaidi ya asilimia 80 yameshiba. Yanatoa povu zuri la sabuni, na huko ndiko mahali pake.