Raga kwa Anayeanza: Mpira Nyuma, Miguu Mbele

Wazazi, walimu, na nyinyi vijana mlioketi sakafuni, hamjambo? Nimeambiwa wengi wenu mmeletewa fomu ya raga nyumbani na hamjui kama mtie sahihi au mumfiche mtoto. Mimi nimekuja kuwaeleza mchezo. Sahihi ni yenu.

Raga ina sheria nyingi, sitawadanganya. Lakini inayomchanganya mgeni, hasa aliyekulia kwenye soka, ni moja: mpira haupasiwi mbele kwa mkono. Unampa mwenzako aliye sambamba nawe au aliye nyuma yako, basi. Ukitaka mpira uende mbele, ubebe ukimbie nao au uupige teke. Shikeni hilo kwanza. Mtaelewa kwa nini timu inayoshambulia inajipanga mshazari: anayesubiri pasi lazima awe nyuma ya anayeitoa. Mtaelewa pia kwa nini refa anapuliza kipyenga wakati hakuna aliyeumia wala kulalamika. Mtu ameuangusha mpira ukadunda mbele yake, na hilo ni kosa.

Sasa pointi. Ukivuka mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugandamiza mpira ardhini, huo ni mguso, pointi 5. Kuvuka tu hakutoshi. Kuna watu wamevuka wakiwa peke yao, wakaanza kusherehekea, mpira ukawaponyoka. Baada ya mguso unapewa mkwaju wa kupitisha katikati ya milingoti, juu ya mwamba ulio mita 3 kutoka chini, pointi 2. Mkwaju wa adhabu ni 3, na ukiudondosha mpira ukaupiga unapodunda tu, katikati ya mchezo, ukapita milingotini, pia ni 3.

Huo mkwaju wa pointi 2 una siri yake. Unapigwa kwenye mstari ulio sawa na pale mpira ulipogusishwa chini. Umefunga pembeni kabisa karibu na kibendera? Mpigaji wako atapigia huko huko pembeni, na milingoti ataiona imebanana. Ndiyo maana utamwona mchezaji amekwisha vuka mstari lakini bado anakimbia, anazunguka kuelekea katikati. Si maringo. Anamrahisishia mwenzake kazi.

Naomba vijana wawili waje hapa mbele. Wewe shika mpira. Wewe mkabe, taratibu, mikono kiunoni, kichwa chako kikae pembeni mwa paja lake, si mbele. Vizuri, angukeni. Mbaki hapo hapo chini.

Hapa ndipo mchezo wote ulipo, na ndipo wageni wengi huangalia simu. Huyu aliyekabwa sasa ana wajibu wa kuuachia mpira mara moja. Anaruhusiwa kuuweka chini upande wa timu yake, kwa hiyo ananyoosha mkono nyuma, hivi. Aliyemkaba naye lazima amwachie na ajiondoe njiani. Wote wanaokuja kusaidia waje kutoka upande wao, nyuma ya mpira, na wawe wamesimama kwa miguu yao. Anayeingia kwa ubavuni anaadhibiwa. Mpinzani wa kwanza kufika akiwa wima anaweza kuinama na kuunyakua mpira. Lakini watu wa pande mbili wakishagusana juu yake na kuanza kusukumana, anayefika baadaye haruhusiwi kuugusa kwa mikono. Waliochelewa wasukume tu.

Yote hayo ni sekunde tatu, nne hivi. Kama mwenzake wa kwanza amechelewa hatua mbili, mpira umekwenda. Kwa hiyo mkienda uwanjani, mpira ukishatua chini msiuangalie. Angalieni nani anafika wa kwanza. Asanteni vijana, kaeni.

Skramu, ule msukumano mnaouona kwenye runinga, ni namna ya kuanzisha mchezo upya baada ya kosa dogo: wanane kwa wanane kwenye raga ya wachezaji 15, watatu kwa watatu kwenye raga ya wachezaji saba. Mpira ukitoka nje ya uwanja, mara nyingi unarushwa ndani katikati ya mistari miwili ya wachezaji, na warefu wananyanyuliwa juu kuudaka.

Mama pale nyuma anauliza mtoto wake mnene atawekwa wapi. Mama, huyo tunamtafuta! Kwenye raga ya 15 namba ya jezi inaeleza kazi. Namba 1 na 3 ni nguzo za skramu, wanahitaji uzito na shingo ya kweli. Namba 4 na 5 ni warefu. Namba 9 mara nyingi ni mfupi, mwepesi, na hanyamazi. 11 na 14 ni wenye mbio. Sijui mchezo mwingine wa timu unaotaka maumbo tofauti kiasi hicho.

Historia nitaipitia haraka. Kuna hadithi kwamba mwaka 1823, katika shule ya Rugby nchini Uingereza, mwanafunzi aitwaye William Webb Ellis aliushika mpira na kukimbia nao. Hadithi tamu, ushahidi wake hafifu. Kinachojulikana ni kwamba wanafunzi wa shule hiyo waliandika sheria mwaka 1845. Raga ya saba ilizaliwa mji wa Melrose, Scotland, mwaka 1883. Klabu ilikuwa inatafuta pesa, na muuza nyama mmoja, Ned Haig, anatajwa kuwa ndiye aliyeshauri wapunguze wachezaji ili wacheze mechi nyingi kwa siku moja.

Lakini uwanja haukupunguzwa. Watu 14 badala ya 30, kwenye eneo lile lile la takriban mita 100 kwa 70, dakika saba kila kipindi badala ya 40. Nafasi ni kubwa mno na pumzi ni chache. Kadi ya njano, ambayo kwenye raga ya 15 inakutoa nje dakika 10, hapa ni dakika 2, na dakika 2 zinatosha kabisa kufungwa mguso au hata miwili.

Hii ndiyo raga iliyotupa Wakenya jina. Mchezo uliletwa na walowezi, na kwa muda mrefu ukabaki wa klabu zao. Mwamba, klabu iliyoanzishwa na wachezaji Waafrika, ilikuja mwaka 1977. Mashindano ya Safari Sevens yalianza Nairobi mwaka 1996. Kisha Aprili 2016, pale Singapore, kwenye raundi mojawapo ya mfululizo wa mashindano ya dunia ya raga ya saba, Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, waliifunga Fiji 30-7 kwenye fainali. Miezi michache baadaye Fiji hao hao walitwaa dhahabu ya Olimpiki Rio, kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba tulikutana na timu mbovu. Kocha wetu alikuwa Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu. Mwezi Mei mwaka huo, Collins Injera, mtoto wa Mwamba, akawa mfungaji wa miguso mingi zaidi katika historia ya mashindano hayo ya dunia, mpaka Mwingereza Dan Norton alipompita mwaka uliofuata. Simba, timu yetu ya wachezaji 15, bado haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Huko tuna kazi, na kwa maoni yangu kazi hiyo inaanzia kwa wale vijana wazito ambao shule zinawasukumia ubao wa matokeo.

Swali la mwisho nilikuwa nalingoja: kichwa. Mzee, uko sahihi kuuliza. Kukaba juu ya usawa wa mabega hakuruhusiwi popote. Uingereza, tangu msimu wa 2023, klabu za kawaida zimeshusha kiwango hicho hadi chini ya mfupa wa kifua. Kwenye mechi za vijana, mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa anatolewa, na siku hiyo harudi, hata akilia, hata kama ni fainali. Kocha akimrudisha, mchukue mtoto wako uende naye nyumbani. Muulize kocha pia ni wiki ngapi anawafundisha kuanguka na kukaba kabla ya mechi ya kwanza. Akijibu kwamba watajifunzia uwanjani, fomu usiitie sahihi.

Haya, nje kuna mipira minne na jua limepoa. Wazazi mnaweza kuungana nasi, ila viatu vya visigino viacheni kando ya mstari, na hakuna kukaba leo. Tutapasi tu, nyuma.