Chanjo Zina Kipimajoto, Mama Hana

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na afya ya jamii, Mombasa)

Wanangu, asanteni kwa kunisubiri. Ukumbi huu una fukuto na feni mbili hazitoshi, kwa hiyo anayetaka kutoka kunywa maji atoke tu, asiombe ruhusa. Leo hasa.

Nianze na friji.

Kila zahanati niliyofanyia kazi ilikuwa na friji ya chanjo, na kwenye mlango wake karatasi imebandikwa. Asubuhi na jioni muuguzi anasoma kipimajoto na kutia nukta kwenye karatasi ile. Joto lisishuke chini ya nyuzi 2, lisipande juu ya nyuzi 8. Likipanda, simu zinapigwa na visanduku vya barafu vinatafutwa. Nimewahi kuamshwa usiku wa manane, umeme umekatika, nikakimbiza chanjo kwa bodaboda hadi kituo cha jirani. Na ndivyo ipasavyo. Chanjo iliyopata joto imeharibika.

Hatua kumi kutoka kwenye friji ile palikuwa na chumba cha kujifungulia. Paa la mabati, dari hakuna, dirisha moja linalotazama ukuta. Ikifika Februari, kaskazi ikianza kulegea, mabati yale saa nane za mchana yanatanuka mpaka unayasikia: ta, ta, ta. Chini yake mama amelala, uchungu umemshika tangu alfajiri, kanga imemganda mgongoni. Siku moja nilichukua kipimajoto cha akiba nikakitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kikasoma nyuzi 39. Nilikitazama kwa muda, kisha nikakirudisha kwenye droo, maana hapakuwa na karatasi ya kuandikia nyuzi hizo, wala simu ya kupiga.

Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya karatasi ile ambayo haikuwapo.

Kuna mzee aliletwa kwetu kutoka ndani kule Ganze, amepakatwa katikati ya mwanawe na mwenye bodaboda. Ulikuwa mwaka wa ukame. Silanga ya kijiji chao, lile bwawa la kukinga maji ya mvua, ilikuwa imekauka, imebaki matope yaliyopasuka kama vigae, na lori la maji lilikuwa halijafika siku kadhaa. Mzee alikuwa ametoka asubuhi na mitungi miwili ya lita ishirini kwenye baiskeli. Alipoonekana saa saba amekaa chini ya mti, alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka. Nilimgusa shingoni: ngozi kavu, inawaka kama sufuria iliyosahaulika mekoni. Jasho hata tone. Mfukoni alikuwa na vidonge vyake vya presha, vile vya kukojosha, na binti yake akaniambia hakuwa ameruka hata siku moja. Tulimvua shati, tukamloweka maji, tukamwekea dripu. Alifariki kabla ya magharibi.

Daftari la wodi lina safu ya sababu ya kifo. Nikaandika: presha.

Sikusema uongo kwa kukusudia. Presha alikuwa nayo, na ndilo neno lililokuwa karibu. Lakini sikilizeni kilichomuua, maana hili mtaliona mara nyingi na daftari litawashawishi kama lilivyonishawishi mimi.

Mwili unajipoza kwa njia mbili kubwa. Moyo unasukuma damu kuelekea kwenye ngozi ili joto litoke, na ngozi inatoa jasho. Jasho linalodondoka halikupozi. Linalokupoza ni lile linalokauka mwilini. Ndiyo maana nyuzi 33 za Mombasa, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, zinaweza kumchosha mtu kuliko nyuzi 37 za bara palipo pakavu. Sasa mzee wetu. Mtu akizeeka kiu yake inapungua. Mwili unahitaji maji na hausemi. Vidonge vinamtoa maji yaliyobaki. Damu inakuwa nzito na kidogo, moyo unaisukuma kwa nguvu kwenda kwenye ngozi, figo na matumbo yananyimwa. Jasho linakatika. Joto la ndani linapita nyuzi 40, na ubongo ndio unaoanza kuyumba: hapo ndipo mtu anaongea maneno yasiyoeleweka. Anayekufa namna hii ataandikiwa presha, au moyo, au figo, au malaria kali kwa sababu mwili ulikuwa wa moto.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko madaftari yetu. Neno hari, kwa Kiswahili cha wazee, ni joto na ni jasho pia. Neno moja limebeba ugonjwa na dawa yake. Vipele vya mtoto tunaviita harara. Bibi zetu walikuwa wakiwakataza watoto kucheza kwenye jua la utosi, na mchana wakiwalaza uani chini ya makuti. Kisha tukajenga kwa mabati kwa sababu makuti yanaoza na yanashika moto, na silaumu mtu kwa hilo, mabati yana faida zake. Ila hatukuweka dari.

Nije kwenye ukame wenyewe. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo huku kwetu kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, wakiongozwa na Mkenya mwenzetu Dkt. Joyce Kimutai, walitoa matokeo yao: mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea takriban mara 100 zaidi. Kilichonishika mimi ni sababu waliyoitaja. Kubwa ilikuwa joto. Mvua haba ile ile, kama ingenyesha juu ya ardhi isiyopashwa moto kiasi hiki, isingezaa ukame. Joto lilikunywa maji ya udongo kabla mmea haujayaonja. Kwa hiyo mnapofundishwa ukame kwenye somo moja na joto kwenye somo jingine, viunganisheni wenyewe. Mzee wa Ganze aliuawa na vyote viwili kwa siku moja: ukame ulimtoa nyumbani kwenda kutafuta maji, joto likamkuta njiani.

Novemba 2022 wizara ya utalii ilitangaza wanyamapori waliokufa kwa ukame ule kati ya Februari na Oktoba. Tembo 205. Nyumbu 512. Punda milia wa kawaida 381, na wale wa Grevy, ambao ni adimu, 49. Twiga 12. Orodha safi, mnyama kwa mnyama. Ng'ambo ya mpaka, Simanjiro mkoani Manyara, Tanzania, mapema mwaka ule mifugo iliyokufa ilihesabiwa ikapita 62,000. Mwenye ng'ombe ana haki ya kuhesabiwa ng'ombe wake. Ndio benki yake, ndio mahari, ndio karo. Na kuhesabu watu si kazi ya wizara ya utalii. Lakini nilipoisoma orodha ile nilimkumbuka mzee, nikajua kwamba hata ofisi ambayo kazi yake ni hiyo isingempata, kwa sababu mimi nilimficha chini ya neno presha.

Somalia walijaribu kuhesabu. Baada ya njaa ya 2011 watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, nusu yao watoto chini ya miaka mitano. Neno njaa kuu lilipotangazwa rasmi, Julai 2011, karibu nusu ya waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mwaka 2022 halikutangazwa kabisa. Watu walishukuru kwamba tumeepuka. Kisha Machi 2023 ukatoka utafiti mwingine: vifo vya ziada, yaani juu ya vile vya mwaka wa kawaida, vipatavyo 43,000 kwa mwaka huo mmoja, nusu yao tena watoto wa chini ya mitano. Wengi katika watoto hao hawakufa wakiwa mifupa kama picha za televisheni zinavyotuzoesha. Mtoto aliyekonda kidogo anahamishwa na mama yake hadi kwenye kambi, anapata surua, au anaharisha kwa maji machafu, na kwenye karatasi anaandikwa surua, anaandikwa kuhara. Dadaab, hapo Garissa, mnapajua. Wengine waliishia pale.

Wakamba wana jina la njaa ya miaka ya 1980, nikw'a ngwete: nafa nami nimeshika pesa mkononi, kwa kuwa mahindi ya kununua hayakuwapo. Sikilizeni jina lile linavyoeleza kila kitu. Anayelisikia leo anajua kwamba pesa zilikuwapo na chakula hakikuwapo, na anajua la kufanya ili yasirudie. Joto letu bado halina jina hata moja la namna hiyo.

Niwape mfano wa mji uliofanya vingine. Ahmedabad, India, Mei 2010, joto lilikaribia nyuzi 47. Wachache tu ndio walioandikiwa kwamba wamekufa kwa joto. Baadaye watafiti wakafanya jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya kwa penseli: walichukua vifo vyote vya mwezi ule, vya kila sababu, wakavilinganisha na Mei ya mwaka uliotangulia na uliofuata. Vikazidi kwa 1,344. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafungua macho wakuu wa mji, na mwaka 2013 wakawa na mpango wa joto: tahadhari siku kadhaa kabla, maji ya kunywa mitaani, wauguzi kufundishwa dalili, baadaye mapaa ya mabanda kupakwa chokaa nyeupe. Utafiti uliofuata ulikadiria kwamba mpango huo uliepusha vifo zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Chokaa, wanangu. Hapa Mombasa chokaa tumeijua karne ngapi?

Kwenye Hija ya 2024, Makka ilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ikatangaza mahujaji 1,301 waliofariki. Asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali. Wenye vibali walikuwa na mahema yenye kiyoyozi na mabasi. Wasio navyo walitembea masafa marefu juani bila kivuli. Jua lilikuwa moja. Vijana wetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ujenzi wanalijua jambo hilo. Qatar tangu 2021 inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni mosi hadi katikati ya Septemba, na sheria hiyo ni nzuri. Lakini kijana akirudishwa kwenye sanduku na cheti kimesema sababu za kawaida, mama yake huku Likoni hana wa kumuuliza lolote.

Na wajawazito. Uchambuzi uliochapishwa 2020, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulionyesha kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi moja, uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa mfu, huongezeka kwa takriban asilimia 5. Hapo Kilifi watafiti wamekaa na akina mama na kuwasikiliza: wanaeleza kuteka maji, kuchanja kuni, na kulala usiku kwenye nyumba isiyopoa, mimba ikiwa kubwa. Mama mkwe anaona uchovu ule ni uvivu. Nimeyasikia hayo wodini maisha yangu yote, nikayaita malalamiko.

Sasa nawaomba jambo. Mtakapokabidhiwa wodi, tundikeni kipimajoto kingine mbali na friji, kwenye chumba cha mama. Andikeni nyuzi zake asubuhi na saa nane. Mgonjwa akiletwa amewaka na ametoka juani, mpimeni joto la mwili kabla hamjammwagia maji, mlitie kwenye daftari, na kwenye safu ya sababu baada ya presha mwongeze maneno mawili: joto kali. Na anayefia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandika. Nendeni mkae naye, mwelezeni aulize mtu alikuwa wapi saa sita. Mwaka ukiisha linganisheni vifo vya Februari na vya Julai. Mkiona pengo, lipelekeni kaunti, tena lipelekeni mkiwa wengi.

Mwaka jana nilikwenda Ganze kumtafuta yule binti. Ana watoto wakubwa sasa. Nilimwambia kwamba niliandika presha na kwamba nilipaswa kuandika joto, na nikamwomba radhi. Alinyamaza, akaendelea kupepeta mahindi yake. Kisha akaniuliza, "Sista, na mama je? Naye ana vidonge vile vile, na analala mle ndani." Akaonyesha chumba cha nyuma, mabati matupu, mlango unaotazama magharibi. Tuliingia. Tukakaa mle kitandani kwa mama yake, saa tisa za mchana, tukahesabu yatatakiwa makuti mangapi kufunika paa lile kwa juu.