Waliozuiwa Takwa: mhadhara uliotolewa uwanjani mwa Ngome ya Lamu

Assalaam aleikum. Masheikh zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliopanda ukutani.

Hapa tulipoketi palikuwa gereza. Kuanzia 1910 hadi 1984 Ngome hii ilifungia watu, na sisi wenye mvi twakumbuka. Lakini leo sikuja kwa habari za Ngome. Nataka tuvuke maji, twende Manda.

Kijana wa leo ukimtajia Manda, atakwambia kiwanja cha ndege. Ukimtajia Takwa, atakwambia magofu: msikiti, mibuyu, na lile kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela hulizuru kuomba mvua. Yote kweli. Lakini katika miaka ya hali ya hatari, 1952 hadi 1960, Mwingereza alipopambana na Mau Mau, serikali ya Kiingereza iliweka kambi pale Takwa, ikawatupa huko watu iliowaogopa kwa siasa zao. Siwaiti wafungwa. Mfungwa huhukumiwa, akajua siku yake ya kutoka. Hawa walizuiwa tu. Nanyi Takwa mnaijua: mashua haipiti kwenye mikoko mpaka maji yajae, na maji matamu kisiwani ni shida tangu zamani. Aliyepachagua alijua afanyalo.

Mmoja wao ni Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, mwandishi wa magazeti. Kenyatta na wenzake waliposhitakiwa Kapenguria, yeye alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuwatafutia mawakili. Januari 1954 akaoa. Juni akakamatwa. Mama zangu, mtazameni huyo bibi harusi wa miezi mitano: yeye yuko bara, mumewe yuko Manda, na mbele yao hakuna tarehe ya kuhesabia. Baada ya Takwa wakampeleka Kabarnet, na hakuachiwa mpaka 1959. Alipotoka alirudia kazi ile ile, kuchangisha fedha kwa ajili ya familia za wale waliokuwa bado vizuizini. Mimi nampendea hilo kuliko hotuba zake zote.

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ikapanda. Huku kwetu wazee walikuwa na kadhia yao ya Mwambao, yaani dai kwamba pwani isiunganishwe na Kenya, kwa kuwa Oktoba ya mwaka huo huo ndipo mkataba wa kuuunganisha ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar na Kenya ulipotiwa saini. Hiyo inataka usiku wake. Pinto aliingia Bungeni 1964, na msimamo wake ulikuwa kwamba ardhi iwafikie walionyang'anywa, isiishie mikononi mwa wenye vyeo.

Asubuhi ya 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya gari lake, hapo hapo nyumbani kwake Nairobi, na binti yake mdogo yumo garini. Alikuwa na miaka 37. Hesabuni wenyewe: tangu uhuru, miezi 14. Mwingereza, adui yake, alimzuia miaka mitano akamrudisha hai. Kijana mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, akakaa gerezani zaidi ya miaka 30 huku akisema hakuua. Waliotuma hawajasimamishwa mbele ya hakimu hata leo.

Kisha waziri Tom Mboya, 1969. Kisha mbunge J. M. Kariuki, 1975, naye pia alipitia kambi za Mwingereza. Kila nikiyataja majina haya mfululizo kifua hunibana, kwa sababu wote watatu waliuawa chini ya bendera waliyoipigania.

Sasa nina ombi. Pinto ana makala na vitabu, lakini Takwa haikuwa ya mtu mmoja. Kuna waliokaa pale ambao hata majina yao hatuna, na kuna watu wa kwetu waliowaona: manahodha, wachukuzi, askari, wakata mikoko. Kama kuna aliyesikia kwa babake au babuye jambo lolote la kambi ile, hata dogo, hata la nani alikuwa akipeleka maji, namuomba asiondoke. Nitakuwa pale mlangoni na daftari langu mpaka isha.