Msimu Unaanza Shamba Likiwa Tupu

NEEMA: Karibuni tena. Mimi ni Neema, nalima mboga kwa kilimo hai kwenye shamba la wanachama. Mwenzangu Bakari jembe halijui, ila kula anajua.

BAKARI: Shamba bila walaji la nini, dada? Na mimi nimeshalipa, mbegu haijaingia hata ardhini. Leo nataka unieleze: hela yangu inafanya nini wakati shamba limelala?

NEEMA: Limelala shamba, mkulima yuko macho. Kwa anayetusikia mara ya kwanza: wanachama wananunua hisa ya msimu mzima mapema, halafu kila wiki wanachukua kapu la kilichoiva. Hela hiyo inaingia kipindi ambacho wakulima wengine wanahangaika kutafuta mkopo. Inanunua mbegu na mipira ya maji, inalipa vibarua. Siku tunakata mboga ya kwanza, sehemu kubwa imeshatumika.

BAKARI: Hapo watu hushtuka.

NEEMA: Bora washtuke mapema. Wazo lenyewe si jipya. Japani walikuwa na mpango wao, teikei, tangu miaka ya 1970: familia zenye wasiwasi na viuatilifu zikapatana moja kwa moja na wakulima. Marekani mashamba mawili yalianza mwaka 1986, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Lile la New Hampshire ndilo linanivutia. Mkulima anaweka bajeti ya mwaka mezani, kila mwanachama anaahidi anachoweza kutoa, na jumla isipofika wanazunguka tena mpaka ifike.

BAKARI: Kwa hiyo mwenye nacho anambeba asiye nacho, na wote wanakula kapu lilelile?

NEEMA: Hakuna bei ya kabichi hapo, kuna gharama za shamba kuendelea kuwa shamba. Sisi hatujafika huko, hisa yetu ina bei moja. Siku moja ningependa tujaribu.

BAKARI: Haya, turudi kwenye shamba lililolala. Unafanya nini?

NEEMA: Nahesabu kurudi nyuma. Mkulima wa sokoni anapanda, zao likiiva anauza. Mimi ninadaiwa kapu kila wiki, kwa hiyo naanza na siku ya kapu narudi hadi siku ya mbegu. Saladi inataka kama siku 45 hadi 60 tangu mbegu. Nikiisia yote siku moja, wanachama watapata saladi wiki mbili halafu basi. Inabidi nisie kidogo kidogo, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Vitunguu havina haraka, vinakaa shambani miezi. Nyanya inaanzia kitaluni. Na kila zao lina tuta lake, ambalo mwaka jana lisiwe limebeba zao la ukoo uleule. Nyanya, viazi, biringanya na pilipili ni ndugu, maradhi yao ni mamoja. Pakitoka nyanya nataka maharage au njegere, maana kwenye vinundu vya mizizi yake wanakaa bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani.

BAKARI: Yote hayo kwenye karatasi?

NEEMA: Karatasi ukutani, na kifutio kando. Halafu kuna sheria. Ukitaka cheti cha kilimo hai Marekani, kwa mfano, samadi mbichi lazima iingie ardhini angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa lisilogusana. Kwa hiyo karoti zako za katikati ya msimu ziliamuliwa siku samadi ilipomwagwa. Mboji iliyoiva haina masharti hayo, ila ipikike kwelikweli: nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, na kuipindua mara kwa mara ili ya pembeni nayo iingie katikati.

BAKARI: Umetaja karoti. Kazi gani inakuchosha kuliko zote? Najua utasema kuvuna.

NEEMA: Kuvuna ni raha! Ni karoti changa. Mbegu ya karoti inakaa wiki moja hadi tatu ndiyo ichomoze, na ikichomoza ni kauzi. Magugu hayasubiri. Bila dawa ya magugu, unapiga magoti na kung'oa kwa vidole, mstari kwa mstari, huku ukiogopa kung'oa karoti yenyewe.

BAKARI: Na hakuna ujanja?

NEEMA: Upo, naupenda sana. Unaandaa tuta kana kwamba unapanda kesho, unalimwagilia, halafu hupandi. Unasubiri magugu yaote. Yakiwa bado madogo unayakwangua juu juu kwa jembe jepesi, bila kuchimba, maana ukichimba unaamsha mbegu nyingine zilizokuwa chini. Ndipo unasia karoti. Inataka uwe na tuta la ziada na uvumilivu, na msimu ukikolea vyote viwili vinaadimika.

BAKARI: Watu wanadhani kilimo hai maana yake hupulizi kitu kabisa.

NEEMA: Kuna vinavyoruhusiwa: mwarobaini, sabuni maalumu, salfa, shaba kwa kiwango. Lakini kuruhusiwa si kutokuwa na madhara, shaba inajilimbikiza kwenye udongo. Mimi chupa ni ya mwisho. Kwanza nyavu juu ya kabichi kabla kipepeo hajataga. Matandazo. Nafasi ya kutosha ili majani yakauke. Bakajani chelewa, ule ugonjwa unaounguza majani, ikiingia kwenye nyanya, hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na unyevu, siku chache tu shamba limekwisha.

BAKARI: Na mimi mwanachama ndiyo sina nyanya.

NEEMA: Huna. Ulinunua msimu, hukununua nyanya.

BAKARI: Hapo ndipo tunapogombana, mimi na wewe. Ahadi ni deni. Kapu likiwa jembamba, kwa nini usinunue nyanya kwa mkulima jirani ukazijazia?

NEEMA: Kwa sababu utaamini shamba langu lina nyanya, na mwakani utanidai zilezile.

BAKARI: Niambie basi! Andika: hizi zimetoka kwa jirani, naye ni wa kilimo hai. Sitakasirika. Kinachonikera ni kufungua kapu nikakuta majani matupu bila neno.

NEEMA: Nikikujazia na jina la jirani limeandikwa, sawa, nakubali nusu. Lakini ile habari ya neno nakubali yote. Mwanachama akiambiwa Jumatatu kwamba Alhamisi kapu ni jembamba na sababu ni hii, wengi wanatulia. Wakati mwingine wanakuja kupalilia.

BAKARI: Na wiki za zukini, vile viboga virefu, je? Mbona hizo huzitangazi?

NEEMA: Zukini inajitangaza. Usipoichuma siku mbili inakuwa rungu. Kipindi kile shida haiwi njaa, inakuwa aibu ya kumpa mtu zukini wiki ya tano mfululizo. Ndiyo maana tuna kreti ya kubadilishana: usichokipenda unakiacha, unachukua alichoacha mwenzio.

BAKARI: Kwenye kreti ile zukini zinaingia, hazitoki.

NEEMA: Zinakwenda kwenye mboji, zinarudi msimu ujao kama udongo. Siku ya kapu tunaanza alfajiri kwa ajili ya mboga za majani, maana jani likivunwa asubuhi lina maji, la mchana limeshalegea. Unalitumbukiza kwenye maji baridi haraka kulitoa joto la shambani. Maboga hayana shida hiyo, yanasubiri.

BAKARI: Msimu ukiisha?

NEEMA: Nasia mbegu za mimea ya kufunika udongo mahali patupu, nasafisha vyombo, halafu nawauliza wanachama swali. Zamani niliuliza mlipenda nini, wote wakawa waungwana. Siku hizi nauliza: ulitupa nini? Hapo napata majibu, na mpango wa mwakani unaanzia hapo. Wewe ulitupa nini?

BAKARI: Hii inarekodiwa?

NEEMA: Inarekodiwa.

BAKARI: Figili. Zote.