Mtaa wa Mji wa Kale na toroli lake, juu ya ubao wa sentimita 120

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunajenga mtaa. Si mji mzima, mtaa mmoja tu: nyumba chache za mawe, baraza, mlango wa nakshi, na reli imepita mbele yake. Juu ya reli kuna toroli lenye paa la turubai na watu wawili nyuma wakilisukuma. Litatembea lenyewe, na mgeni wako ataliangalia juu na chini asijue linaendeshwa na nini.

Mtaa tunaouiga ni wa Mombasa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, ilianza kutandika reli ya upana wa futi mbili kutoka pwani kuelekea bara. Ikaenda maili chache tu, ikakwama. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilichukua upana wa mita moja, na vile vyuma vyembamba vikabaki kupata kazi kisiwani, barabarani, kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Magari yake hayakuwa na farasi wala mvuke. Yalikuwa kibao cha magurudumu manne, benchi, turubai la kukinga jua, na wasukumaji wanaokimbia nyuma. Wakubwa wa serikali walikuwa na matoroli yao wenyewe, na vijireli vilichepuka hadi majumbani mwao. Motokaa zilipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, matoroli yakaondoka.

Kwa anayeanza, mimi sioni tramu, yaani gari la reli la barabarani, iliyo nyepesi kuliko hii. Tramu ya umeme ya Lisbon inapendeza, lakini itakudai nguzo, waya wa juu, na mota ndogo ya kuficha ndani ya behewa, na bei ya vitu hivyo si ya mchezo. Toroli ndani halina kitu. Kazi yote tutaifanya chini ya ubao.

Kwanza kipimo. Tunatumia 1 kwa 50, yaani mita moja ya kweli inakuwa sentimita mbili. Andika hivyo kwa kalamu nzito pembeni mwa ubao, maana utaulizana nayo kila dakika. Mtu wa mita 1.7 anakuwa sentimita 3.4. Reli ya futi mbili ni milimita 610, gawanya kwa 50 upate 12 na kitu kidogo, basi tunaweka milimita 12. Na kabla hujapata tamaa ya kuweka njia yote hadi Kilindini, piga hesabu: kila kilomita moja itakula mita 20 za ukumbi. Ngome ya Fort Jesus nayo iache, ubao wetu hauitoshi.

Chukua plaiwudi ya milimita 3, urefu sentimita 120, upana 40. Usichukue nene kuliko hiyo, utaona sababu. Chini yake zungusha fremu ya mbao za inchi 1 kwa 3, na katikati pitisha ubao mmoja wa kwenda urefu ili plaiwudi isibonyee, lakini uishie sentimita 25 kabla ya kila mwisho. Tumia gundi ya mbao. Misumari na skrubu ziwe kwenye fremu ya nje tu, kwa sababu tunakuja kupitisha sumaku humu ndani na sumaku haina adabu mbele ya chuma.

Sasa chora njia. Ni mviringo mrefu: mistari miwili iliyonyooka ya sentimita 90, imeachana sentimita 15, na nusu duara kila upande. Mstari wa mbele uwe sentimita 12 kutoka ukingoni. Kwa nini mzunguko, na si kwenda na kurudi? Kwa sababu ya wale watu wawili. Tumewagundisha nyuma ya toroli. Ukilirudisha kinyumenyume watakuwa wanaburutwa, na hakuna mtu atakayeamini mtaa wako. Kwa hiyo toroli litapita mbele, litaingia nyuma ya nyumba upande wa kulia, litarudi kwa siri nyuma ya safu ya nyumba, litokeze tena kushoto.

Geuza ubao, hapa ndipo penye mashine. Unahitaji magurudumu mawili ya mbao ya kipenyo cha sentimita 15, yaliyochongwa mfereji kuzunguka ukingo, na ndani ya mfereji gundisha ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili uzi usiteleze. Gurudumu moja linakaa moja kwa moja juu ya mota ya gia ya volti 12 inayozunguka mara 6 kwa dakika. Kwa umeme, adapta ya ruta iliyokufa inatosha. Soma tu imeandikwa volti 12. Gurudumu la pili linazunguka bure kwenye bolti, na tundu la bolti hiyo lifanye refu kidogo, uweze kulivuta na kukaza uzi. Uzi ni wa nailoni, ule wa kushonea nyavu.

Juu ya uzi funga kadi ndogo ya plastiki, na juu ya kadi gundisha sumaku ya duara, ile yenye nguvu, kipenyo milimita 10 na unene 3. Tazama hapa kwa karibu: kadi inapanda juu ya gurudumu, haigongani nalo, na sumaku inagusa plaiwudi kwa chini kidogo tu. Ikibana sana, shusha magurudumu kwa kuongeza washa. Ikiwa mbali, yapandishe.

Mwendo tumeupata wapi? Mtu anayesukuma mbio huenda kama kilomita 8 kwa saa. Kwa kipimo chetu ni kama sentimita nne na nusu kwa sekunde. Gurudumu la sentimita 15 likizunguka mara 6 kwa dakika linavuta uzi sentimita 4.7 kwa sekunde. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri: mtaa umependeza, halafu toroli linapita kama bodaboda.

Geuza tena ubao, tutandike reli. Reli zetu ni waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja, 1.5. Uvue ganda, shika ncha moja kwa koleo, nyingine funga mlangoni, vuta mpaka uhisi umenyooka ghafla mkononi. Shaba haivutwi na sumaku, ndiyo maana siyo waya wa chuma. Kata kijiti cha upana wa milimita 12 kamili kiwe kipimo chako: gundisha waya wa kwanza juu ya mstari, weka kijiti, weka waya wa pili, songa mbele. Mataruma usihangaike nayo, mtaani yamefunikwa na udongo. Katikati ya reli na pembeni jaza mchanganyiko wa unga wa jasi, gundi nyeupe na maji, uusawazishe na reli kwa kadi ya simu. Ukikauka piga msasa laini mpaka kidole kiteleze bila kukwama, kwa sababu toroli letu halitembei kwa magurudumu. Naam. Magurudumu ni pambo, yanaelea juu ya reli unene wa karatasi. Linaloteleza ni tumbo lake.

Toroli: kata kibao cha kadi ngumu sentimita 3 kwa 2.4. Chini yake gundisha sumaku nyingine kama ile ya kwanza, na chini ya sumaku kipande cha plastiki laini cha chupa ya maji. Kabla ya kugundisha, jaribu upande unaovutana na ile ya chini ya ubao. Upande mmoja unavuta, mwingine unasukuma. Magurudumu manne ni vipande vya mrija, kipenyo milimita 6. Benchi ni kijiti cha aiskrimu. Nguzo nne za paa ni njiti za meno, na paa ni kitambaa cha shati la zamani kilichochovywa kwenye gundi na maji, kikalegezwa katikati kidogo kama turubai lililozoea mvua. Kutoka chini hadi paa isizidi sentimita 4.2.

Wasukumaji wanataka subira. Pinda waya mwembamba uwe mtu wa sentimita 3.4, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kifua kimeinama. Zungushia karatasi ya gundi ya mafundi rangi mpaka upate unene wa mwili. Nguo ni karatasi laini ya shashi iliyolowekwa gundi. Ikiwa bado mbichi, ivute kwa sindano ipepee nyuma. Gundisha mikono kwenye mwamba wa nyuma wa toroli na uhakikishe nyayo hazigusi chini. Hapo waache wakauke usiku kucha.

Nyumba sasa, na hapa nitakaa.

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu mwingi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hata nyumba ikiwa ya tajiri. Kuta ni nene, nusu mita. Mambo hayo mawili ukiyashika, nyumba yako itafanana na Mombasa hata kabla hujapaka rangi. Ukiyaacha, utapata boksi lenye madirisha.

Nusu mita kwetu ni sentimita moja. Chukua kadibodi ya boksi la milimita 5, gundisha mbili pamoja, ndipo ukate dirisha. Angalia kivuli kinavyoingia ndani ya tundu. Halafu lile tundu livike manila ndani, lisionyeshe mawimbi ya kadibodi. Chumba cha mita 2.8 pamoja na kuta zake mbili ni mita 3.8, yaani sentimita 7.6 kwa kina. Kati ya njia zetu mbili kuna nafasi ya 15. Toa sentimita 2 kila upande za kupitisha toroli, zinabaki 11. Nyumba inaingia vizuri, na mgongo wake hauonekani, usiupambe.

Plasta ni ile ile jasi na gundi, nzito kama uji. Paka kwa brashi chakavu, kisha gongagonga na sponji kabla haijakauka. Nyeupe tupu itakudanganya. Tia tone la rangi ya udongo. Ikikauka pitisha chai ya rangi iliyokolea, na chini ya ukuta na chini ya mifereji ya paa pitisha nyeusi iliyochanganywa na kijani, maji mengi, rangi kidogo. Chumvi na mvua huacha alama hiyo kila mahali pwani.

Mlango wa nakshi kwa kipimo hiki hauchongwi. Nunua lesi ya kushonea nguo, yenye maua madogo, kata ukanda, gundisha juu ya manila ya sentimita 4.8 kwa 3, paka kahawia, kisha futa juu juu kwa kitambaa kikavu ili maua yatoke. Katikati simamisha mfaa wa njiti. Kila upande wa mlango weka baraza ya urefu wa milimita 9 kwenda juu. Roshani itokeze sentimita 2, ishikwe na vijiti vya kiberiti, na iwe juu ya sentimita 6 kutoka ardhini, la sivyo itakamata turubai.

Kwa mabati, tafuta bolti ya milimita 10. Meno yake yameachana milimita moja na nusu, na hiyo ndiyo karibu kabisa na migongo ya bati la kweli ukiligawa kwa 50. Laza karatasi ya foili juu ya ndara, viringisha bolti kwa kukandamiza, na bati limepatikana. Kata vipande vya sentimita 4.8 kwa 1.3, vilalie ubavuni kila kimoja juu ya mwenzake, na vichache vipake kutu.

Minazi fanya miwili mitatu, usijaze. Kilicho muhimu ni nyumba mbili za mbele, moja kila pembe, upana sentimita 18, zinazoficha mahali toroli linapokata kona. Nyumba zote zikae bila gundi, kwenye vijipini vya mbao, maana siku toroli litakapokwama nyuma huko utahitaji kuingiza mkono.

Sasa washa. Shika saa ya simu: sentimita 90 za mbele zinatakiwa kuchukua sekunde 19 hivi, mzunguko mzima dakika kasoro kidogo. Likiwahi, tumia adapta ya volti 9. Likitikisika, msasa haujatosha kati ya reli. Sumaku ya chini ikimwacha mwenzake kwenye kona, uzi umelegea. Vuta lile gurudumu la pili, kaza nati. Na mota ikinguruma, weka kipande cha ndara kati yake na fremu.