Kupima Mshono wa Kona kwa Mtihani wa Mkaguzi wa Uchomeleaji

Ndugu watazamaji, karibuni tena karakanani kwetu hapa Pasua, Moshi. Leo tunajiandaa kwa sehemu ya vitendo ya mtihani wa mkaguzi wa uchomeleaji unaotolewa na AWS, yaani Chama cha Uchomeleaji cha Marekani. Mtihani huo una sehemu tatu, na kila moja peke yake inadai angalau asilimia 72, kwa hiyo alama nono za nadharia haziwezi kuibeba sehemu ya vitendo iliyoporomoka. Nalifahamu hilo vizuri, kwa kuwa ndivyo nilivyoanguka mimi.

Mezani kuna rula, kalipa, maikromita na geji za mshono wa kona, yaani ule unaounganisha mabamba mawili yanapokutana kwenye kona. Kusoma rula sitakueleza. Nakuomba tu uzoee inchi mapema, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na milimita, na ukikutana na 5/16 ya inchi katika chumba cha mtihani hutakuwa na nafasi ya kupiga hesabu ndipo ugundue kwamba ni karibu milimita 8.

Kipande cha kwanza kina mshono uliotuna, kwa hiyo tunapima mguu, yaani umbali kutoka kwenye kona hadi pale mshono unapoishia juu ya bamba. Miguu miwili isipolingana, tunafuata ule mfupi. Tumemaliza.

Kipande cha pili ndicho kilichonigharimu. Uso wake umebonyea, kama mnavyo... samahani, mwanga wa dirishani unamulika chuma na hamwoni kitu. Ngoja niigeuze kamera. Haya. Mguu wake ni milimita 10, na mchoro unadai mshono wa milimita 8. Jicho linasema umepita, nami niliandika kwamba umepita. Mshono uliobonyea haukubaliwi kwa mguu. Narudia: haukubaliwi kwa mguu, unapimwa koo, yaani unene wake katikati. Geuza geji upande wenye ncha, ikalishe sawasawa juu ya mabamba yote mawili, kisha tazama kama ncha imegusa uso wa mshono. Mnauona mwanga unaopenya chini ya ncha? Mshono wa milimita 8 unahitaji koo la 8 mara 0.707, ambalo ni karibu milimita 5.7, ilhali hili letu lina milimita 5 tu, sawa na mshono wa milimita 7. Umekataliwa, pamoja na miguu yake yote minene.

Kabla ya kuandika jibu, angalia tena kwamba geji haijalala upande na kwamba haijapanda juu ya punje ya chuma iliyoruka wakati wa kuchomelea, kwa maana punje moja tu huiinua geji na kukudanganya. Na kabla hata ya kuishika geji, uliza kwanza: umetuna au umebonyea?

Geji hizi ninaziuza hapa karakanani. Mimi napendelea seti yenye jani moja kwa kila ukubwa kuliko zile zenye kishale, kwa sababu kishale kikishalegea husoma kinavyotaka.

Fundi jirani ameanza kusaga na sauti yangu haisikiki tena, kwa hiyo andakati, ule mfereji unaoliwa pembezoni mwa mshono, tutaipima atakapokwenda kunywa chai.