Barua Pepe 11,000, na Ile Moja Niliyoihitaji

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura.

BARAKA: Na mimi Baraka. Leo naomba nianze mimi, dada, maana jambo lenyewe limenikuta. Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye usaili wa kazi. Sikwenda.

ZUHURA: Hukwenda? Ile kazi uliyokuwa ukiisubiri?

BARAKA: Ile ile. Barua ilifika Jumatatu asubuhi, usaili Alhamisi. Mimi nikaiona Ijumaa jioni. Ilikuwa imebanwa katikati ya matangazo ya viatu, arifa za mitandao ya kijamii na majarida ambayo hata sikumbuki niliyaomba lini. Kikasha changu kilikuwa na barua pepe 11,000 zisizosomwa.

ZUHURA: Pole sana, kaka. Na najua ulichofanya usiku ule. Ulianza kufuta.

BARAKA: Nilifuta mpaka vidole vikauma. Asubuhi nikakuta nyingine 40 zimeingia.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi tunapokosea. Unachota maji mtumbwini na tundu hujaliziba. Kufuta kunaondoa barua iliyofika, hakumzuii anayeituma. Na yeye hagharimiki chochote cha maana: anabonyeza mara moja, barua inakwenda kwa watu laki. Mzigo wa kuzichambua unabaki kwetu. Hali hii imekuwepo tangu mwanzo. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, aliyekuwa mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa karibu watu 400 kwenye ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti. Wengi walikasirika. Ndilo linalohesabiwa kuwa tangazo la kwanza la namna hiyo kwa barua pepe.

BARAKA: Kwa hiyo tundu linazibwaje?

ZUHURA: Nenda kwenye sehemu ya kutafuta, andika neno "unsubscribe", kisha urudie na "jiondoe". Karibu kila jarida na kila tangazo linalotumwa kwa watu wengi lina neno hilo chini kabisa, kwa hiyo yote yatajipanga mbele yako. Yapitie moja moja. Jiulize: hili nimelisoma lini mara ya mwisho? Kama hukumbuki, jiondoe.

BARAKA: Nilikuwa naogopa sana kile kitufe. Nilisikia ukikibonyeza ndiyo unawathibitishia kwamba upo.

ZUHURA: Hofu hiyo ina ukweli nusu, na ni vizuri tutenganishe. Kuna duka ulilonunua kitu, au jarida ulilojiandikisha. Huko jiondoe bila wasiwasi. Halafu kuna barua ya mtu usiyemjua kabisa, anayekuahidi urithi. Hiyo usibonyeze kitu chochote ndani yake. Iripoti kuwa ni taka, basi. Kwa hao wa kwanza mambo yamekuwa rahisi zaidi. Tangu mwaka 2024, Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua za matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na ombi lako walitekeleze ndani ya siku mbili. Siku hizi mara nyingi unaona kitufe cha kujiondoa juu kabisa, karibu na jina la mtumaji. Tumia hicho cha juu, huna haja ya kufungua kiungo chochote ndani ya barua.

BARAKA: Nilijiondoa kwenye majarida 63 kwa saa moja na nusu. Hayo niliyahesabu. Lakini zile 11,000 bado zilikuwepo.

ZUHURA: Hizo ziweke kwenye kumbukumbu zote kwa pamoja. Kama unatumia Gmail, andika older_than:1m pale pa kutafuta. Zitakuja zote zenye umri wa zaidi ya mwezi. Chagua zote, kisha ubonyeze kitufe cha kumbukumbu. Hazifutiki. Zinaondoka tu machoni, na siku ukiihitaji moja unaitafuta kwa jina la mtu au kwa neno.

BARAKA: Hapo ndipo nilipokuwa nabishana nawe moyoni, dada. Nina mafolda. Nimeyatengeneza kwa miaka: kazi, shule, familia, nyumba, na ndani ya kila moja kuna mengine.

ZUHURA: Na barua ya usaili ungeiweka lipi? Kazi, au maombi?

BARAKA: Ningesimama nikifikiri.

ZUHURA: Kule kusimama ndiko kunakochosha. Mara 50 kwa siku unaamua kitu ambacho mashine ya kutafuta ingekuamulia kwa sekunde moja. Mafolda yalikuwa ya lazima zamani, kutafuta kulipokuwa kwa shida.

BARAKA: Nakubali kwa sehemu. Mikataba na risiti za kodi siziachii mashine. Siku nikizihitaji nazihitaji zote, hata ile ambayo sikumbuki ina maneno gani.

ZUHURA: Hilo siwezi kulipinga. Hizo zipe lebo yake.

BARAKA: Ila kuna jambo nimeligundua wiki hii, na kwangu ndilo kubwa. Sababu halisi ya kuacha barua zirundikane haikuwa uvivu. Nilikuwa naziacha pale zinikumbushe. Hii nijibu, hii nilipe, ile nimpigie mtu. Nikawa nazirudisha ziwe hazijasomwa ili nisisahau. Matokeo yake barua ya kazi ilikaa na alama ile ile iliyo kwenye tangazo la viatu.

ZUHURA: Umelishika hasa. Kikasha kinapanga kwa tarehe ya kufika, hakijui lililo muhimu kwako. Kwa hiyo barua ukiifungua, amua hapo hapo. Kama jibu ni la dakika mbili, jibu. Kama ni la Alhamisi, tumia kitufe cha kuahirisha, itapotea na kurudi yenyewe Alhamisi asubuhi. Kama ni ya kujua tu, kumbukumbu. Usiifunge ukiwa hujaamua, kwa sababu kesho utaisoma upya kutoka mwanzo. Mwandishi Merlin Mann, aliyeeneza wazo la kikasha sifuri katikati ya miaka ya 2000, alieleweka vibaya na wengi. Watu walidhani sifuri ni idadi ya barua, wakawa wanapigania kikasha kitupu. Yeye alikuwa akizungumzia ni kiasi gani cha akili yako kimebaki humo.

BARAKA: Na vichujio, zile amri za kuzipanga barua zenyewe zinapoingia?

ZUHURA: Weka vichache. Risiti na taarifa za akaunti zipite moja kwa moja kwenye lebo yake bila kupitia kikasha. Zima arifa zote za simu, isipokuwa za barua zinazotoka kwa watu.

BARAKA: Mimi nililazimika pia kuangalia nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na inagawanywa kati ya barua, picha na Drive, hifadhi yake ya mafaili. Ikijaa, barua mpya haziingii. Nikaandika larger:10M, zikatokea barua zenye viambatisho vizito, video za miaka mingi.

ZUHURA: Na ukizifuta, fungua Tupio uzitoe na huko. Zinakaa siku 30 kabla ya kuondoka zenyewe, na muda huo wote bado zinakula nafasi.

BARAKA: Hilo sikulijua, nitalifanya leo.

ZUHURA: Na wale wa usaili, umewaandikia?

BARAKA: Niliwaandikia Jumamosi ile ile. Niliwaambia ukweli, kwamba niliiona barua nikiwa nimechelewa, nikaomba nafasi nyingine kama ipo. Hawajajibu bado. Leo asubuhi nimefungua kikasha, kulikuwa na barua nne. Nimezisoma zote nne nikiwa nimesimama, kabla sijafungua mlango kutoka.